Karatasi ya Vifungo

Vifungo nilifungiwa kwa ukurasa wa kamusi,
Kiingereza cha zamani, umechanwa ubavuni,
dazeni nne za vifungo vyeupe, na kimoja kimepasuka.
Nikavimwaga ndani ya kopo,
nikasoma, maana mkanda wa cherehani ulikuwa umekatika
na Kyeyune ameenda kutafuta mwingine.

Slopsela. Natamka hivyo, sijui kama ndivyo.
Mshonaji au muuzaji wa nguo zilizo tayari.
Na pembeni, kwa herufi za mlazo:
la kale.

Nilicheka hadi Hajati akachungulia.
La kale! Mimi, niliyekata asubuhi hii
mashati sitini ya shule,
na jasho halijanikauka kwapani!

Huku Kiyembe hatumpimi mtu.
Ng'ambo ya kichochoro Kalule hushona gomesi,
yeye hupima, anazunguka viuno na tepu yake,
anajua nani ana mimba kabla mume hajajua.
Tepu yangu inaning'inia msumarini tangu Pasaka,
imejikunja kama mtu aliyefukuzwa kazi.
Mimi nina vipande vitatu vya boksi:
mdogo, wa kati, mkubwa.
Watoto wote wa nchi, kutoka Kisoro mpaka Moyo,
wataingia humo.
Natandika kitambaa tabaka kumi na mbili,
naweka boksi, napitisha chaki, nakata:
migongo kumi na miwili isiyo na wenyewe.

Msiniulize mimi mwenyewe navaa nini.
Mfinyanzi hulia gaeni,
na blauzi yangu ni ya mtumba, ya Owino,
ina jina la hospitali ya Wazungu kifuani.

Mwezi wa nne nilikwenda Arua kumzika shangazi Drateru.
Watu walikuwa wengi, viti vichache.
Mvulana mmoja alikuwa akigawa maji kwa jagi,
na alipoinama mbele yangu
nikauona mfuko.

Mfuko wangu. Ndani ya pindo, uzi wa kijani,
wiki ile uzi mweupe ulituishia
na Hajati akasema shona tu, nani atafunua?
Nilifunua mimi. Nilimshika mtoto wa watu kifuani
katikati ya matanga, nikafunua.

Shati lilikuwa limempita, au yeye amelipita.
Mtu alikuwa amefumua mishono ya ubavuni,
akatafuta nguo ya kuachia, asipate,
kwa sababu mimi sikuacha,
basi akaunga kipande cha kitenge, chekundu, cha samaki,
kutoka kwapa hadi kiunoni, pande zote mbili,
kwa mkono, mishono midogo midogo
kama ya mtu asiye na haraka, au asiye na mashine.

Nikamuuliza, nani kakushonea shati hili?
Akadhani namsema kwa kile kitenge.
Akabana mikono ubavuni.
“Mama ametia viraka tu,” akasema.
“Lenyewe ni la dukani. Halina fundi.”

Akaendelea na jagi lake.
Nilikunywa maji yale. Sikumwambia kitu.
Ungemwambia nini?

Ukurasa wa kamusi sikuutupa, ni mgumu, mzuri,
nimeukata kiolezo cha mfuko.
Neno lenyewe liko karibu na kona ya kushoto,
chaki imeanza kulifuta.

Siku hizi nikiweka boksi juu ya kitambaa
nasogeza chaki nje, nusu inchi, pande zote mbili.
Ndani haionekani, imekunjwa, imelala.
Hajati amehesabu: palipotoka sitini
sasa panatoka hamsini na saba.
Ananiuliza mashati matatu yamekwenda wapi.

Namwambia kitambaa cha siku hizi, Hajati,
kinarudi kabla hakijaona maji.